Henza ya mashua ndogo Ziwa Nyasa: nailoni, poliesta, katani au waya?

Ukitoka Mbeya kwenda Kyela ukitafuta henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, utapita maduka mengi ya kamba na huenda usikute hata moja inayofaa. Barabara ile ni ya malori, ndizi za Tukuyu, viazi vya Uporoto na mchele wa Kyela. Kamba zinazopangwa mbele ya maduka ya Mwanjelwa na Uyole zimeletwa kwa ajili ya mizigo hiyo, kukazia turubai na kufungia magunia. Kamba ya mzigo ikirefuka kidogo, dereva anasimama njiani anaikaza tena, safari inaendelea. Henza ikirefuka, tanga linalegea katikati ya ziwa, na hapo hakuna pa kusimama.

Ulinganisho huu ni wa mwenye mashua ya mita 4 hadi 6, mlingoti mmoja, tanga moja au mawili, anayetia maji Matema au Itungi, au hata bwawa la Mtera upande wa Iringa. Mwenye chombo kikubwa ana hesabu nyingine. Na niseme mapema ninakoegemea: poliesta ya kusuka ya milimita 8, au 6 kama mashua ni nyepesi sana. Nailoni ya turubai, ambayo ndiyo karibu kila mtu ananunua kwa kuwa ndiyo iliyopo, naiweka chini kabisa ya orodha ya henza, chini hata ya katani. Wapo watakaobisha. Nitaeleza.

Kamba ndiyo yenye kosa?

Kabla ya kulinganisha bei, panda na macho yako mpaka juu ya mlingoti. Henza nyingi zinazotupwa zimeuawa na kapi. Gurudumu la kapi likigoma kuzunguka, kamba haipiti tena, inaburuzwa juu ya chuma au mbao, na kila unapotweka tanga unaisugua mahali palepale. Ukiweka kamba mpya juu ya kapi lililogoma, umenunua uchakavu mpya kwa bei mpya.

Laza mlingoti, zungusha gurudumu kwa kidole. Lizunguke lenyewe baada ya kulisukuma. Pitisha kidole ndani ya mfereji wake na kwenye kingo za mashavu ya kapi. Ukihisi ukali, hata kidogo, paka msasa mpaka ngozi isikamatwe. Kagua pia pini za kukunja zinazozuia misumari ya mlingoti, kwa sababu ncha moja iliyochomoza inatosha kuchana koti la kamba kwa msimu mmoja. Ukimaliza huko juu, shuka kwenye kifungio chenye pembe mbili kilichopo chini ya mlingoti, huko nako kuna kingo.

Kisha kagua kamba yenyewe, urefu wote, kwa mkono. Manyoya mafupi yaliyosambaa sawasawa juu ya poliesta hayana ubaya, tena yanailinda kidogo. Kinachotisha ni sehemu moja iliyochakaa peke yake, sehemu iliyokuwa ngumu kama kijiti, au mahali ambapo kamba imekuwa nyembamba ghafla. Kwa kamba yenye koti na moyo, minya kati ya vidole viwili: ukisikia moyo umekatika au umejikunja ndani, au koti linateleza peke yake bila moyo kulifuata, hiyo imekwisha. Kwa kamba ya nyuzi tatu zilizosokotwa, ifungue kidogo kwa kuizungusha kinyume na utazame ndani. Ukikuta vumbi au nyuzi zilizokatika katikati, usidanganywe na sura ya nje.

Kuna njia tatu baada ya hapo, na hazilingani.

Ya kwanza ni kukata ncha. Henza huchoka zaidi mahali inapokunjwa juu ya gurudumu wakati tanga liko juu kabisa, yaani sehemu ileile kila siku. Ukikata sentimita 15 upande wa tanga na kufunga upya, mkunjo unahamia kwenye kamba ambayo haijateseka. Gharama yake ni kisu na dakika kumi. Nadhani hii ndiyo matunzo yenye faida kubwa kuliko yote na ndiyo inayofanywa na wachache, maana wengi hununua kamba kwa kipimo cha kubana, haina cha kukata.

Ya pili ni kugeuza kamba nzima, ncha ya chini iende juu. Sehemu iliyokuwa ikilala chini ya mlingoti, kivulini na bila mzigo, sasa inafanya kazi. Inafaa kama uchakavu uko upande mmoja tu. Kama jua limeikausha yote, umegeuza ugonjwa tu.

Ya tatu ni kubadilisha. Ukiona moyo umetokeza nje, uzi mmoja kati ya mitatu umekatika, au kamba imepauka na ukiikwaruza kwa kucha inatoa unga, usibishane nayo.

Kurefuka ndiko kunakoamua

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na sisi wa Kyela tuko kwenye ncha yake ya kaskazini. Upepo wa kusini, ule ambao wenzetu wa Malawi wanauita mwera, unapovuma miezi ya kiangazi unakuwa umesukuma maji kwa safari ndefu kabla ya kutufikia. Asubuhi unaweza kutoka Matema maji yametulia, Milima ya Livingstone inajitazama ndani yake, na mchana ukarudi na mawimbi ambayo mgeni hakuyategemea. Henza yako inapimwa saa hiyo.

Upepo unapoongezeka, tanga linavuta henza kwa nguvu zaidi. Kamba inayorefuka inaliachia tanga lishuke. Ukingo wa mbele unapata mikunjo, tumbo la tanga linaongezeka na kurudi nyuma, mashua inalala ubavu zaidi huku mwendo ukipungua. Yaani tanga linakuwa la upepo mdogo wakati upepo ni mkubwa, kinyume kabisa cha unachotaka. Utakaza henza, itarefuka tena.

Hesabu ni hii. Mlingoti wa mita 6 una karibu mita 6 za henza zinazobeba mzigo, kutoka kwenye kifungio mpaka juu. Nailoni ya kusokotwa ikivutwa kwa sehemu moja ya kumi ya nguvu yake inaweza kurefuka kwa asilimia 5 au zaidi. Hiyo ni sentimita 30. Poliesta nzuri ya kusuka kwa mzigo wa kiwango hicho inarefuka asilimia 2 hivi, sentimita 12, na iliyovutwa kiwandani kabla ya kuuzwa inapungua hata kuliko hapo. Nyuzi za aina ya Dyneema, zile za kisasa zenye nguvu mno, hazifiki asilimia 1.

Nailoni ina jambo jingine linalosahaulika: hunywa maji, na ikilowa hupoteza kiasi cha asilimia 10 hadi 15 ya nguvu yake. Poliesta ikilowa hubaki na nguvu ileile. Kwa kitu kinachoishi juu ya maji, na kwa Kyela ambako mvua za Machi hadi Mei hazina utani, hiyo peke yake ilitosha kuniamulia.

Msinielewe vibaya. Nailoni ni kamba bora kwa nanga, kwa sababu kule kurefuka ndiko kunakotakiwa: wimbi linapoinyanyua mashua, kamba inapokea mshtuko badala ya nanga kung'oka. Ni nzuri pia kwa kufungia mashua gatini na kwa kuvutwa na boti nyingine. Mwenye duka atakwambia, «Kaka, hii inavuta lori,» na anasema kweli. Ila tanga halitaki kamba ya kuvuta lori. Linataka kamba isiyobadilisha urefu.

Poliesta: ghali, inachosha kuitafuta, inalipa

Kasoro ya kwanza ya poliesta kwa mtu wa nyanda za juu ni kwamba haipatikani kirahisi. Ukiikuta Mbeya mara nyingi imechanganyika na nyingine na muuzaji hajui tofauti. Njia ya uhakika ni kuagiza kwa wauza vifaa vya mashua Dar es Salaam au Zanzibar ikaja na basi kama kifurushi. Nauli ya mita 30 za kamba ni ndogo ukilinganisha na bei ya kamba yenyewe, hivyo umbali si kisingizio kikubwa.

Kasoro ya pili ni bei. Itakugharimu zaidi ya nailoni ya unene uleule, na mtu anayelinganisha mita kwa mita ataona anaibiwa. Mimi nalinganisha msimu kwa msimu. Poliesta inastahimili jua vizuri kuliko kamba zote za kawaida zilizomo humu, na kwa latitudo yetu, digrii 9 na nusu kusini ya ikweta, jua ndilo adui wa kwanza, upepo wa pili.

Inakuja kwa sura mbili. Kuna ya nyuzi tatu zilizosokotwa, ambayo ni nafuu, rahisi kuunganisha kwa kusuka ncha, lakini mkononi ina mabonde na hupenda kujiviringisha. Na kuna ya kusuka, yenye koti nje na moyo ndani, laini mkononi na inapita kwenye kapi bila kelele. Kwa mashua inayotweka na kutua tanga mara kwa mara nachukua ya kusuka. Kwa mashua ya kazi inayolala nje mwaka mzima ya nyuzi tatu haina aibu yoyote, na una faida ya kuona ndani yake wakati wa ukaguzi.

Kamba ya plastiki

Hizi za buluu, kijani au manjano, zinazong'aa, nyepesi, za polipropilini, nazo zimejaa sokoni na mara nyingi zinauzwa kwa jina la manila. Zinaelea, ndiyo sifa yao. Zinafaa kwa kamba ya kumrushia mtu aliyeanguka majini na kwa kuvuta mtumbwi mdogo nyuma. Kama henza zinateleza kwenye kifungio, fundo halishiki vizuri, na zisizotiwa kinga ya jua hukauka zikaanza kuchoma viganja kwa vipande vidogo kama vya kioo. Kwa dharura ya siku moja, sawa. Kwa msimu, hapana.

Katani ina haki yake

Vijana wanaicheka, lakini tuitendee haki. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf akiwa ndiye aliyeuleta, na mwaka 1964 nchi hii ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za nyuzi zake. Kilichouangusha sokoni ni hizihizi nailoni na polipropilini tunazolinganisha leo.

Kama henza, katani hairefuki sana kama nailoni, inashika vizuri kwenye kifungio na mkononi hata kukiwa na majimaji, na bei yake haiumizi. Ndiyo maana nimeiweka juu ya nailoni. Matatizo yake ni matatu. Ikilowa inavimba na kuwa fupi na ngumu, kwa hiyo henza uliyoikaza ikiwa kavu inaweza kukazika kupita kiasi ikinyeshewa, na inaweza kukwama kwenye kapi iliyokuwa ikipita vizuri asubuhi. Ikikaa na unyevu inaoza kutoka ndani, nje inaonekana nzima. Na kwa nguvu ileile unahitaji unene mkubwa zaidi, labda milimita 12 mahali pa poliesta ya 8, ambao kapi dogo halitaupokea.

Mwenye mashua ya mbao yenye kapi kubwa la mbao, anayekausha kamba zake kila jioni na kukubali kubadilisha kila mwaka, anaweza kuishi na katani kwa amani. Mwenye mashua ya faibaglasi yenye kapi dogo la plastiki asijaribu.

Dyneema na waya, kwa kifupi

Dyneema ina nguvu mno kwa unene wake, haielekei kurefuka, inaelea. Ila ni ghali sana kwetu, inateleza kiasi kwamba mafundo ya kawaida hufunguka yenyewe, na fundo linaweza kuiondolea nusu ya nguvu au zaidi, kwa hiyo inadai ncha za kusuka. Juu ya hayo, kamba ya milimita 4 haishikiki mkononi wakati unatweka tanga, hata kama nguvu inatosha. Kwa mashua ya mashindano, sawa. Kwa mashua ya Matema, fedha hiyo iende kwenye tanga.

Waya wa chuma kisichoshika kutu, wa aina laini ya vikundi saba vya nyuzi kumi na tisa, ulikuwa ukitumika sana zamani kwa sababu haurefuki. Ukikuta mashua ya zamani yenye waya juu na kamba chini, usiuondoe waya ukaweka kamba bila kubadilisha gurudumu: mfereji wa waya ni mwembamba na mkali, utaikata kamba. Nyuzi za waya zikianza kukatika zinachomoza kama ndoano na kuchana viganja. Ukiona moja, waya wote unakwenda.

Kupima kamba dukani

Muuzaji akisema «poliesta» na hana lebo, kuna namna ya kuhakiki bila kugombana naye. Nunua kipande cha mita 3 cha kila aina anayokuonyesha, unene uleule.

Tia kipande kidogo kwenye ndoo ya maji, ukikiminya hewa itoke. Kikielea, ni polipropilini au jamii yake. Kikizama, ni nailoni au poliesta.

Hapo ndipo moto unasaidia. Nje, mbali na bidhaa za watu, choma ncha ya uzi. Poliesta hutoa moshi mweusi wenye masizi. Nailoni moshi wake ni mweupe zaidi na hudondosha matone yanayovutika. Polipropilini inanukia kama mshumaa. Pua zinatofautiana, kwa hiyo usitegemee kipimo hiki peke yake.

Kipimo ninachokiamini ni cha kurefuka. Funga vipande viwili kwenye tawi la mwembe. Kwa kalamu weka alama mbili juu ya kila kimoja, mita 2 kati yake, mbali na mafundo kwa sababu fundo likijikaza litakudanganya. Ning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye kila kipande na upime upya kati ya alama. Tofauti ya nailoni na poliesta utaiona kwa futi ya fundi, huhitaji maabara. Ukilowesha vipande kwanza, nailoni itajionyesha zaidi.

Wapo wanaoleta kamba zilizotumika na mafundi wa minara ya simu. Nyingi ni nailoni ya kurefuka kidogo, za milimita 10 au 11, imara kweli. Kwa kapi la mashua ndogo ni nene mno, na kamba ya usalama iliyostaafishwa ina sababu yake ya kustaafishwa.

Unene na urefu

Watu hununua nene wakidhani wananunua usalama. Poliesta ya milimita 6 tayari ina nguvu nyingi kuliko tanga dogo litakavyowahi kuidai. Unachonunua unapopanda hadi 8 ni mkono: kamba ya 6 inakata viganja unapokaza kwa nguvu, ya 8 inashikika. Zaidi ya hapo unaongeza uzito juu ya mlingoti na msuguano kwenye kapi.

Pima mfereji wa gurudumu kabla ya kununua. Kamba nene kuliko mfereji inasugua mashavu. Kamba nyembamba sana ni mbaya zaidi, kwa sababu inaweza kuruka na kujipenyeza kati ya gurudumu na shavu, ikabana huku tanga liko juu na upepo unaongezeka. Sijui balaa la henza linalozidi hilo.

Urefu: henza ya kawaida inapanda mlingoti na kushuka, kwa hiyo mara mbili ya urefu wa mlingoti. Mlingoti wa mita 6 unataka 12. Ongeza mita 1 na nusu ya kufungia na kushika, na angalau mita 1 ya kukatwa kidogo kidogo miaka ijayo. Inakuja 14 na nusu, nunua 15. Kama tanga lako linabebwa na foromali nzito, ule mti wa tanga, na henza inatoka juu ya mlingoti, inashuka kwenye kapi la foromali, inapanda tena, kisha inashuka kwako, hiyo ni mara tatu ya urefu, 18, kabla ya nyongeza. Nimeshuhudia mtu akinunua kwa kipimo cha mara mbili kwa mpangilio huu, tanga likawa linashuka nusu.

Fundo au kusuka ncha

Fundo lolote linapunguza nguvu ya kamba. Kitanzi kizuri kisichojikaza kinaacha kama asilimia 60 au zaidi kidogo. Ncha iliyosukwa vizuri kuzunguka pingu, kile chuma kinachoshika tanga, inabaki na karibu asilimia 90. Kwa karatasi, kusuka kunashinda. Kwa mashua ndogo mimi nachagua fundo. Nguvu iliyobaki bado ni nyingi mno kwa tanga dogo, na fundo linafunguka ili ukate zile sentimita 15 nilizosema. Ncha iliyosukwa watu huionea huruma, hawaikati, na mkunjo unabaki mahali palepale mpaka kamba inakufa.

Kusuka kunafaa pale ambapo fundo ni kubwa kiasi cha kugonga kapi kabla tanga halijafika juu. Hapo huna hiari, labda fundo dogo zaidi lililokazwa moja kwa moja kwenye pingu.

Ncha ya chini ifungwe fundo la nane, siku zote. Henza iliyokuponyoka ikapanda mpaka juu na kutoka kwenye kapi itakulazimisha kulaza mlingoti katikati ya safari.

Kubadilisha: kulaza mlingoti au kushona

Kwa mashua ya mita 4 au 5 watu wawili wanalaza mlingoti bila shida, na ni vizuri kufanya hivyo walau mara moja kwa mwaka kwa sababu ya lile kapi. Fanyia ufukweni, mbali na nyaya za umeme.

Mlingoti mrefu, au uliokazwa kwa nyaya ambazo hutaki kuzigusa, tumia kamba ya zamani kuvuta mpya. Weka ncha mbili zitazamane uso kwa uso, zisipishane. Zishone kwa uzi wa nyavu, mishono mitatu minne inayoingia ndani kabisa ya kila ncha, kisha zungushia tepu nyembamba ya umeme kwa kukaza, safu moja au mbili tu. Mshono mnene utakwama kwenye kapi. Kabla ya kuvuta, ujaribu kwa mkono kwa nguvu. Bora ukatike chini kuliko juu. Mmoja avute polepole upande mmoja, mwingine aingize kamba mpya upande wa pili huku akiizuia isijikunje. Mshono ukifika kapi usilazimishe, rudisha kidogo, tikisa, vuta tena.

Ncha za poliesta ziyeyushwe kwa kisu cha moto na kufungwa kwa uzi. Katani haiyeyuki, hivyo ni uzi peke yake.

Matunzo: kuosha au kuivua?

Maji ya Ziwa Nyasa ni maji baridi, yaani si ya chumvi, hivyo hatuna zile chembe za chumvi zinazokatakata kamba za pwani kutoka ndani. Tuna mchanga wa ufukweni, na tuna ukijani unaoota kwenye kamba iliyotulia. Mara mbili kwa mwaka osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya kawaida, suuza sana, anika kivulini. Jiki usitie, hasa kwenye nailoni.

Lakini kuosha ni kitu kidogo ukilinganisha na kuivua. Mashua ikikaa wiki kadhaa bila safari, shona uzi mwembamba wa plastiki kwenye ncha ya henza kwa namna ileile ya hapo juu, ivute itoke, uache uzi huo mlingotini kama mwongozo. Kamba yako inalala ndani ya nyumba, uzi wa bei ya chai ndio unaopigwa na jua na mvua. Siku ya safari unairudisha kwa dakika chache. Atakayefanya hivi masika yote atakuwa anazungumzia umri wa henza kwa miaka, na jirani yake mwenye kamba ileile kwa misimu.

Mashua ikiwa imefungwa kwa usiku mmoja tu, vuta henza mbali na mlingoti na uifunge pembeni. Inapogongagonga mlingoti usiku kucha inajisugua yenyewe na kuchubua rangi, tena inawanyima majirani usingizi.

Henza iliyostaafu usiipe kazi ya nanga wala ya kuokolea mtu. Ikate vipande vya mita moja moja, ifungie tanga lililokunjwa, au mpe mwenye mbuzi.